Shajara ya mradi wa pampu ya jua, Kahe: gharama ya maji kwa jua na kwa dizeli

Februari 2025: hesabu ya dizeli

Kikundi chetu cha wakulima wa vitunguu na nyanya katika tambarare ya Kahe, kusini mwa mji wa Moshi, kinategemea kisima kirefu kimoja ambacho pampu yake, yenye mota ya kilowati 3 ya fezi tatu, imekuwa ikiendeshwa kwa jenereta ya dizeli tangu ilipofungwa. Mkutano umeagiza ifanyike hesabu ya kuhamia kwenye jua, na umeagiza pia kwamba hesabu hiyo iandikwe kwa shilingi kwa kila mita ya ujazo ya maji, kwa sababu mwanachama halipii kilowati, analipia maji yanayofika kwenye jaruba lake.

Kazi yenyewe ni kupandisha lita 60,000 kwa siku kutoka kwenye maji ambayo, pampu ikiwa inavuta, hushuka hadi mita 45 chini ya ardhi, mpaka kwenye simtanki zilizo juu ya mnara wa mita 5. Tukiacha msuguano wa mabomba, kunyanyua mzigo huo kwa mita 50 kunahitaji kilowati-saa 8.2, na kwa kuwa pampu na mota yake kwa pamoja hupoteza karibu nusu ya nishati, umeme unaotakiwa ni kama kilowati-saa 16.4 kwa siku. Kiasi hiki hakibadiliki, uwe umeme wa jua, wa jenereta au wa nguzo.

Lita moja ya dizeli imebeba takriban kilowati-saa 10 za nishati, lakini nyingi huishia kuwa joto na moshi, na jenereta ndogo kama yetu hutoa kilowati-saa 2.2 hivi kwa kila lita. Tunachoma basi lita 7.4 kwa siku. Bei ya lita tumeiweka shilingi 3,000, ikijumuisha nauli ya bodaboda anayeleta madumu kutoka kituoni. Kwa siku 250 za kumwagilia kwa mwaka, mafuta peke yake ni shilingi milioni 5.5, na oili, filta na fundi vinaongeza kama laki sita. Ukigawa kwa mita za ujazo 15,000, kila mita moja inatugharimu shilingi 410, na hapo jenereta yenyewe hatujaipigia bei.

Jambo jingine ni kwamba namba hiyo ya 3,000 haiko mikononi mwetu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hufuata soko la dunia, thamani ya shilingi na gharama za kushusha mafuta bandarini, ambayo kwa mikoa ya kaskazini ni Tanga kwa sehemu kubwa. Wanachama wanaukumbuka vizuri mwaka 2022, ambapo vita vya Urusi na Ukraine vilipandisha mafuta kiasi kwamba Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mkulima aliyekuwa amekwisha kupanda vitunguu hakuwa na la kufanya zaidi ya kulipa.

Machi 2025: bei za madukani

Nimekusanya bei Moshi na Arusha. Paneli ya wati 550 ya daraja la kuaminika tumeipata kwa shilingi 250,000, ambayo ni chini ya shilingi 460 kwa wati. Mzee mwenyekiti, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alinunua paneli ndogo ya kuwashia taa na redio kwa bei aliyoiona kubwa hata wakati huo, hakuamini mpaka alipoishika risiti ya makadirio mwenyewe.

Kushuka huku kuna maelezo yake. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa mwaka 1954 katika maabara za Bell, Marekani, ikigeuza kama asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kwenye setilaiti, ambako hakuna dizeli ya kushindana nayo. Katikati ya miaka ya 1970 wati moja ya paneli iliuzwa kwa makumi ya dola. Baadaye Ujerumani, kwa sheria yake ya mwaka 2000, iliwahakikishia wazalishaji wa umeme wa jua bei nzuri kwa miaka 20; soko likakua, China ikajenga viwanda vikubwa, na leo zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya utengenezaji wa paneli iko huko. Richard Swanson, mwasisi wa kampuni ya SunPower, aliona kwamba kila jumla ya paneli zilizokwisha kuuzwa duniani inapoongezeka maradufu, bei hupungua kwa takriban asilimia 20. Mwaka 2024 bei ya kiwandani China ilikuwa imefika karibu senti 10 za dola kwa wati. Mafuta hayana mwenendo wa namna hiyo, kwani paneli hutengenezwa kiwandani na kiwanda hujifunza, ilhali mafuta huchimbwa, na yale rahisi kuchimbwa ndiyo hutangulia kuisha.

Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, limeonyesha kwamba wastani wa gharama ya umeme kutoka mitambo mikubwa mipya ya jua duniani ulishuka kutoka dola 0.46 kwa kilowati-saa mwaka 2010 hadi dola 0.044 mwaka 2023, yaani kutoka zaidi ya mara nne ya gharama ya umeme wa mafuta, gesi na makaa hadi chini ya nusu yake. Namba hizi husomwa sana kwenye semina. Nimeziandika hapa kwa tahadhari, kwa sababu ni za mitambo ya mamia ya ekari iliyojengwa kwa mikopo ya riba ndogo, na sisi tuna kisima kimoja.

Aprili 2025

Masika. Njia ya kisimani haipitiki kwa gari, na jenereta imezimwa kwa kuwa mashamba yana maji ya kutosha. Kazi pekee iliyofanyika ni kupima usawa wa maji kisimani na kuandika kwenye daftari.

Mei 2025: fedha

Sehemu hii ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu kuliko nyingine zote, na naona ilistahili.

Makadirio kamili ya mfumo ni shilingi milioni 9.4. Paneli 14 ni milioni 3.5, invata ya pampu (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kuendesha mota) milioni 1.3, vyuma vya kubebea paneli pamoja na zege milioni 1.9, nyaya, swichi za kukatia umeme, kinga ya radi na waya wa ardhini milioni 1.1, uzio laki saba, ufundi na usafiri laki tisa. Paneli, ambazo ndizo kila mtu huuliza bei yake, ni kama asilimia 37 tu ya fedha yote. Pampu na mota tunabaki na zile zile.

Mama mweka hazina alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hizo milioni tisa tunazitoa wapi kabla vitunguu havijang'olewa?" Swali lake linagusa tofauti halisi kati ya nishati hizi mbili. Dizeli hununuliwa kidogo kidogo, dumu kwa dumu, na msimu ukiwa mbaya unaacha kununua. Jua hulipiwa la miaka mingi kwa siku moja, kwa hiyo bei yake halisi ni bei ya fedha unayoikopa.

Nilifanya hesabu kwa mkopo wa miaka 10, nikiongeza shilingi 360,000 kwa mwaka za matengenezo na akiba ya kubadilisha invata, kwa kuwa paneli huhimili miaka 25 na zaidi lakini invata haifiki huko. Kwa riba ya asilimia 18, maji ya jua yanatugharimu shilingi 163 kwa mita ya ujazo. Kwa riba ya asilimia 9 yanashuka hadi 122. Kisha nikajiuliza ingekuwaje kama riba ingebaki 18 lakini paneli zikapungua bei kwa nusu: jibu ni shilingi 137. Kupunguza riba kwa nusu kunatufaa kuliko kupunguza bei ya paneli kwa nusu. Hata kama muuzaji angetupa paneli zote 14 bure kwa riba ile ya 18, maji yangekuwa shilingi 112, pungufu kidogo tu ya yale ya riba 9 kwa paneli za kununua.

Ndiyo maana nimependekeza tusisubiri paneli zishuke zaidi, kama wanavyoshauri baadhi ya wanachama, bali juhudi zetu zote zielekezwe kwenye masharti ya mkopo. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwaka 2021 fungu la shilingi trilioni moja la kuzikopesha benki kwa masharti nafuu ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na tangu hapo mikopo ya kilimo ya asilimia 9 imekuwa ikipatikana kwa vikundi vyenye usajili, vitabu safi na mnunuzi anayejulikana. Sisi tuna usajili. Vitabu mweka hazina anavisafisha.

Kuna kigezo cha pili, ambacho ni siku za kutumia. Hesabu zote hapo juu ni za siku 250. Tukimwagilia siku 120 tu, mkopo haupungui hata senti, na maji ya riba 18 yanapanda kutoka 163 hadi 340, wakati ya dizeli yanabaki karibu na 410 kwa sababu jenereta iliyozimwa haili mafuta. Jua bado linashinda, ila kwa pengo dogo ambalo ukame au bei mbaya ya vitunguu inaweza kulifuta. Mkulima mwenye bustani ya msimu mmoja ana haki ya kubaki na jenereta yake, na anayemwambia vinginevyo hajakaa na kalamu.

Kwa siku zetu 250, akiba dhidi ya dizeli ni kama milioni 5.8 kwa mwaka, hivyo mtu mwenye fedha taslimu angerudisha mtaji wote kabla ya mwaka wa pili kwisha. Mkutano umeridhia. Wanachama wamechanga sehemu, na iliyobaki imekopwa kwenye SACCOS kwa asilimia 18, tukiendelea na maombi benki.

Juni 2025: ufungaji

Udongo wa hapa ni mfinyanzi mweusi, ambao huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi hadi mkono unaingia kwenye nyufa. Mashimo ya nguzo yamechimbwa kwa kina zaidi ya yale ya kwenye mchoro, na zege imeongezeka.

Idadi ya paneli haikuamuliwa na wati. Kwa kilowati-saa 16.4 kwa siku, na jua la hapa ambalo kwa wastani ni sawa na saa tano za mwanga kamili, paneli nane au tisa zingetosha. Lakini mota ya fezi tatu ya volti 380 inaitaka invata ilishwe volti 540 hivi za mkondo mnyoofu (DC), na kila paneli ikiwa kazini hutoa kama volti 41, kwa hiyo ni lazima kuziunga 14 kwa mfuatano. Miaka 20 iliyopita ziada hiyo ingeua mradi. Leo imetuongezea kama milioni 1.3, na inatulipa asubuhi, jioni na siku za mawingu, paneli zinapofanya kazi chini ya uwezo wake.

Paneli zimeelekezwa kaskazini, kwa kuwa tuko nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta, na zimeinamishwa nyuzi 12. Kwa jua peke yake mwinamo mdogo zaidi ungetosha, lakini paneli iliyolala hukusanya vumbi na matope, wakati iliyoinama huoshwa na mvua. Uzio si kwa ajili ya wezi pekee: asubuhi yenye ubaridi, kabla pampu haijawashwa, mfuatano ule hufikia karibu volti 700, na mkondo mnyoofu wa volti hizo ukimshika mtu haumwachii. Nati zimechomelewa. Nyaya za shaba zimezikwa ndani ya bomba.

Julai 2025: mawingu

Anayeijua Moshi anajua Julai: mlima hauonekani, baridi, na wingu la kijivu linalofunika mpaka saa sita au saba mchana. Huu ndio mwezi wa kuupima mfumo, tofauti na Januari ambapo kila mfumo hufanya kazi.

Kioo cha invata huonyesha hezi, yaani kasi ya mota. Jua likiwa kamili husoma 50. Asubuhi ya wingu zito huanza na 28, ikapanda 31, ikafika 35. Mota inazunguka, sikio ukiliweka kwenye bomba unasikia mvumo, lakini mita ya maji haisogei. Sababu ni kwamba nguvu ya pampu ya kusukuma maji juu hufuata mraba wa kasi yake, na pampu yetu, ambayo ikiwa na kasi kamili inaweza kusukuma hadi mita 80 kabla ya mtiririko kukoma, kwa hezi 35 haifikishi hata mita 40. Inapopita kama 39 au 40 ndipo mshale wa mita huanza kutambaa. Nimewaonyesha vijana wa zamu jambo hili, maana walikuwa wakiripoti kwamba invata ni mbovu.

Katika wiki za mawingu mazito tumepata kati ya lita 30,000 na 40,000 kwa siku badala ya 60,000. Betri za kuziba pengo tumezikataa, kwani maji kwenye simtanki huhifadhika kwa bei ndogo zaidi kuliko umeme kwenye betri, na jenereta ya zamani bado ipo. Imewashwa siku chache nyanya zilipokuwa zinaweka matunda. Sioni sababu ya kuiuza: jenereta inayofanya kazi wiki chache kwa mwaka haina gharama kubwa, na inaondoa haja ya kujenga mfumo wa jua wa kutosheleza siku mbaya kuliko zote.

Septemba 2025: swali la nguzo

Kila mgeni anayetutembelea huuliza kwa nini hatukuvuta umeme wa TANESCO, na swali ni la haki. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti (kilowati-saa moja), ambayo pamoja na kodi ya ongezeko la thamani na tozo za REA, wakala wa nishati vijijini, na EWURA hufika kama 356, umeme wa kuvuta maji yetu ungekuwa shilingi 97 kwa mita ya ujazo. Hizo ni pungufu ya jua kwa riba yoyote tunayoweza kupata. Ni vema kulisema hili wazi, kwa sababu wauzaji wa paneli husema jua limeishinda nishati nyingine yote, wakati kisima kilicho chini ya nguzo hakina haja ya paneli.

Kisima chetu hakiko chini ya nguzo. Makadirio ya laini na transfoma yalikuwa shilingi milioni 28, na kwa mkopo wetu wa miaka 10 wa riba 18 maji hayo ya shilingi 97 yanakuwa zaidi ya 510, ghali kuliko dizeli. Kama visima vitatu vya jirani vingeungana, na gharama ya laini ikagawanywa kwa miaka 30 kwa riba ya 9, tungefika kama 158, karibu na jua. Nimewasilisha hesabu hiyo kwa majirani, na haijapata majibu.

Ieleweke pia kwamba umeme wa gridi yetu hautokani na dizeli. Ni maji na gesi asilia: gesi ya Songo Songo imekuwa ikichomwa kwa umeme tangu mwaka 2004, na bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme Februari 2024. Shida ya kaskazini ni umbali, kwani sehemu ya umeme unaozalishwa kusini hupotea njiani, na Machi mwaka huu Serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hii. Mtambo mkubwa wa jua nchini unajengwa Kishapu, Shinyanga, megawati 50 kwa awamu ya kwanza. Mashindano ya jua na gesi yataamuliwa huko. Huku mashambani mshindani wa jua bado ni dumu la dizeli.

Oktoba 2025: bei ya maji

Zamani dumu lilipokauka pampu ilinyamaza, na hakuna aliyehitaji kuambiwa afunge koki. Sasa, maadamu jua linawaka, kuendelea kuvuta hakumgharimu mtu chochote, na kamba ya kupimia inaonyesha usawa wa maji ukiwa chini ya ule wa Oktoba iliyopita. Kiangazi kinaweza kuwa sehemu ya sababu. Hata hivyo kibali chetu kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kina kiwango cha mwisho cha kuvuta kwa siku, na invata imewekewa muda wa kujizima simtanki zinapojaa.

Baadhi ya wanachama walitaka maji yawe bure kwa kuwa jua ni la bure. Mkutano umepitisha shilingi 220 kwa mita ya ujazo: 163 za mkopo na matengenezo, zilizobaki za kubadilisha pampu na mota, ambazo zina umri wake, na za mlinzi. Benki ikikubali mkopo wa asilimia 9 na deni la SACCOS likalipwa, bei itashuka hadi 180. Mita ndogo za kila jaruba zimeagizwa Arusha, na usomaji wa kwanza utaanza zikishafungwa.